Faili Iliyolala Hadi Januari

Niliajiriwa katika ofisi ya kodi nikiwa na miaka ishirini na miwili, katikati ya miaka ya tisini. Wasichana wengi niliomaliza nao shule walikuwa wameshaolewa, au walikuwa wakichuma chai kwenye mashamba makubwa ya Kericho na kulipwa kwa kilo. Mimi niliondoka nyumbani asubuhi nimevaa sketi ya kitambaa kizito na viatu vyenye kisigino kidogo, na majirani walisimama kwenye mashamba yao ya chai kunitazama nikipita.

Kwetu ni upande wa Kaplong. Mama ana ekari moja na nusu ya chai na ng'ombe watatu. Baba alifariki nikiwa darasa la sita, na tangu mwaka huo karo yangu ililipwa na mjomba wangu, kaka mkubwa wa mama. Alilipa shule ya msingi, akalipa sekondari ya bweni, na nilipomaliza akalipa mwaka mzima wa masomo ya ukarani. Hakuwahi kuchelewesha hata muhula mmoja. Naanza na hilo kwa sababu bila hilo mengine hayaeleweki.

Mjomba alikuwa na malori mawili ya kubeba kuni. Viwanda vya chai hukausha majani kwa moto wa kuni, na miaka ile mwenye lori hakukosa kazi. Alinunua miti kutoka kwa wakulima wa huko Siongiroi, akaipasua, akaipeleka kiwandani, na kila mwisho wa mwezi kiwanda kikamwandikia hundi. Baadaye akafungua duka la mabati na misumari. Alikuwa mtu wa kanisa, mwenye sauti ya chini, asiyependa ugomvi. Sisemi hivyo kumtetea. Ndivyo alivyokuwa.

Kazi yangu ilikuwa masjala, yaani chumba cha kutunzia faili. Kilikuwa chumba kirefu chenye rafu mpaka darini na dirisha moja tu, ambalo kila alasiri lilijaa ukungu wa mvua. Mkubwa wangu humo alikuwa mzee wa kutoka milima ya Kisii aliyefanya kazi katika chumba hicho tangu kabla sijazaliwa. Alivaa sweta ya kijivu siku zote na kuweka kalamu mbili mfukoni, moja ya buluu na moja nyekundu. Mwanzoni mwa miaka ile, watu wa makabila mbalimbali walipofukuzana katika mipaka yetu, nyumba yake ilichomwa kwenye kipande cha ardhi alichokuwa amenunua. Mke na watoto walirudi kwao Kisii. Yeye alibaki mjini katika chumba cha kupanga, kwa kuwa alikuwa amebakiza miaka michache tu kustaafu. Nilijua waliochoma ni watu wa kwetu. Yeye pia alijua mimi ni wa wapi, na hakuwahi kunionyesha kwa neno wala kwa jicho kwamba analikumbuka.

Alinifundisha kazi kwa subira. Kila faili ilikuwa na namba, na kila ilipotoka rafuni iliandikwa kwenye kitabu kikubwa chenye jalada gumu: namba, tarehe, inapelekwa kwa nani, na sahihi ya aliyeitoa. Alitaka niandike kwa mwandiko unaosomeka na mtu mwingine. Nikiandika haraka haraka alinirudishia kitabu, akisubiri niandike upya.

Jambo jingine alilonifundisha ni habari ya miaka. Mtu akipata mapato asiyatangaze, serikali ina miaka saba baada ya mwaka ule kumkadiria kodi na kumwandikia. Miaka hiyo ikiisha bila karatasi kutoka, mwaka wake umefungwa. Hata ukija kujua alichopata, huwezi tena kumwandikia. Lakini ukimwandikia ikiwa imebaki hata siku moja, deni hilo halizeeki, na anaweza kudaiwa mpaka nywele zimwishe.

"Watu wengi huchanganya hayo mawili," aliniambia. "Mtu anapata barua, anahama, anajificha miaka saba, halafu anarudi akifikiri amesamehewa. Kinachokwisha ni nafasi ya kuandika. Kilichoandikwa kinabaki."

Nilimuuliza habari ya mtu aliyeficha mapato kwa makusudi. Akasema huyo hana miaka, anaweza kuandikiwa wakati wowote, lakini lazima ofisi ionyeshe kwamba ni makusudi, na kuonyesha ni kazi ngumu. Kusahau na kuficha hufanana sana kwenye karatasi.

Kwa hiyo Desemba ilikuwa mwezi mbaya pale ofisini. Maafisa walitoa orodha ya faili ambazo mwaka wao wa zamani ulikuwa karibu kufungwa, na kila siku walizitaka mezani. Katika Desemba yangu ya pili, nilipokuwa nikinakili orodha hiyo, nilikuta namba ya mjomba. Hakuna aliyejua kwamba ni mjomba wangu, maana jina lake na langu hayahusiani. Nilinakili namba yake kama nyingine na sikumwambia mtu.

Jumapili iliyofuata alikuja nyumbani baada ya kanisa. Alikaa kwenye kiti cha baba, akauliza hali ya ng'ombe, akauliza bei ya majani ya chai mwezi ule. Kisha akatoa barua mfukoni. Ofisi yetu ilikuwa imemwandikia ikitaka maelezo kuhusu malipo ya kuni ya mwaka mmoja wa zamani, mwaka ambao malori yake yalifanya kazi bila kupumzika. Alikuwa ameipeleka kwa mtu anayemtunzia vitabu vya duka, na mtu huyo alikuwa amehesabu miaka akamwambia kwamba ikifika Januari bila kuandikiwa, mwaka huo hauguswi tena.

"Hiyo faili unaijua?" akaniuliza.

Nikasema naijua.

"Sikuambii uichome. Sikuambii uiibe. Ilale tu mahali mpaka Januari, halafu uirudishe. Hakuna mtu atapoteza kitu."

Nilimwambia kwamba naweza kufutwa kazi. Akasema hakuna anayefuta mtu kazi kwa faili iliyoonekana. Hakupaza sauti, hakuniomba mara mbili, wala hakutaja karo. Alikunywa chai yake yote, akamshukuru mama, akaondoka. Mama aliosha vikombe akiwa amenipa mgongo. Nilitaka aseme kwamba nisifanye. Alichosema, bila kugeuka, ni kwamba huyo ndiye aliyeniweka hapo nilipo.

Jumanne afisa aliyeshughulikia faili ya mjomba akaiita. Alikuwa mwanamke wa makamo, mkali kwa kazi, ambaye hakupokea hata soda ya mtu. Mzee akaitoa faili rafuni pamoja na nyingine kumi, akaziandika zote kwenye kitabu, akatia sahihi yake mbele ya kila namba, kisha akaziweka kwenye trei ili mimi nizivushe ng'ambo ya ukumbi. Ilikuwa saa nne. Akaenda kunywa chai.

Chini kabisa ukutani kulikuwa na rafu ya faili za marehemu, watu waliofariki mambo yao na ofisi yakiwa hayajaisha. Hizo ziliguswa mara chache mno. Nilipiga magoti, nikaisukuma faili ya mjomba nyuma yao mpaka ikagusa ukuta, nikainuka na kujipangusa vumbi. Haikuchukua hata dakika moja. Nikapeleka faili kumi. Afisa hakuwepo mezani, nikaziacha.

Siku iliyofuata akaiulizia. Mzee akafungua kitabu, akamwonyesha sahihi yake. Afisa akasema haikufika. Nikaulizwa, nikasema nilipeleka nilichokikuta kwenye trei, na kwa namna fulani jibu hilo lilisikika kama kweli tupu kwa mtu asiyejua kilichotangulia. Mzee akasema labda imeteleza mahali, tutaiona kabla ya saa sita.

Aliitafuta siku nne. Alianza na rafu yake, akaendelea na rafu za jirani, halafu akaanza mwanzo wa chumba na kuangalia faili moja baada ya nyingine akizisoma namba kwa sauti ndogo. Macho yake yalikuwa yameanza kuharibika, jambo ambalo nililijua na ofisi haikulijua. Alikuwa akiisogeza karatasi mpaka karibu na pua. Siku ya tatu nilimkuta amepiga magoti mbele ya faili za marehemu, akizitoa na kuzirudisha. Nilisimama mlangoni nikiwa nimekumbatia karatasi za watu, nikasubiri. Alipitisha mkono, akakohoa vumbi, akaendelea na rafu nyingine.

"Mwanangu, wewe una macho mazuri," akaniambia akiinuka kwa kujishikilia kwenye rafu. "Hebu angalia huku chini tena. Mimi nimechoka."

Nikainama mahali pale pale. Niliona ncha ya jalada lake. Nikamwambia hakuna kitu.

Ningeweza kuieleza Desemba ile kwa njia ya kunifaa. Ningeweza kusema nilikuwa msichana, niliogopa, nilikuwa na deni la wema. Yote hayo yalikuwepo. Lakini nilipoinama pale, nikiwa karibu naye kiasi cha kusikia pumzi yake, bado kulikuwa na nafasi ya kuitoa na kusema nimeiona, na wote tungecheka. Nilijua hivyo wakati ule ule. Nilichagua.

Mwaka ukaisha. Tulipofungua ofisi Januari, niliitoa ile faili asubuhi kabla ya mzee kufika na kuiweka mahali pake sahihi. Nilidhani narudisha mambo yalivyokuwa. Tarishi ndiye aliyeiona siku mbili baadaye alipotumwa kuleta faili jirani, akaipeleka kwa afisa akiwa na furaha.

Hapo ndipo jambo lilipogeuka. Faili iliyopotea ni uzembe. Faili inayopotea mpaka siku ya mwisho, kisha ikaonekana mahali pake, ni kitu kingine. Afisa aliandika ripoti, na wiki iliyofuata wakaja watu watatu kutoka ofisi kubwa. Walichukua kitabu. Mahali pa mwisho palipoandikwa faili hiyo palikuwa na sahihi moja tu, ya mzee.

Mimi waliniuliza kwa dakika kumi. Yeye walimweka siku nzima, na siku ya pili nusu siku. Ukuta kati ya chumba walichomhojia na masjala ulikuwa wa mbao, nikasikia mengi. Walimuuliza alipewa nini na mwenye malori. Akasema hamjui. Wakamuuliza kama ana uchungu na serikali kwa sababu ya nyumba yake iliyochomwa. Akasema nyumba haina uhusiano na faili. Wakamuuliza inawezekanaje basi. Akasema kwa sauti niliyoisikia vizuri, "Labda ni macho yangu. Labda niliiweka mahali nikaisahau. Sioni vizuri siku hizi."

Waliandika hilo. Ndilo lililommaliza. Hawakuweza kuonyesha rushwa, maana haikuwepo, lakini sasa walikuwa na mtu aliyekiri mwenyewe kwamba hafai kwa kazi aliyokuwa akiifanya, na kwamba aliificha hali yake. Alisimamishwa kazi mwezi wa pili, na kabla ya mvua za masika akafutwa bila pensheni. Siku aliyokuja kuchukua vitu vyake alivaa ile sweta. Aliniachia kalamu nyekundu, akaniambia nisiruhusu mtu kuandika kwenye kitabu kwa penseli.

Nikapewa nafasi yake. Nilikaa kwenye kiti chake miaka miwili na zaidi, nikitia sahihi yangu chini ya sahihi zake, maana kitabu kilikuwa hakijajaa.

Mjomba alituletea nyumbani mabati kumi na mawili kwa ajili ya jiko la mama. Sikumweleza habari ya mzee, na sidhani alijua. Lakini yule afisa hakuwa ameiachilia faili. Mwaka ulikuwa umefungwa, na hakuwa na njia ila moja, nayo ni kuonyesha makusudi. Akaandikia kiwanda, akaandika tena, na kiwanda kilichukua muda mrefu kujibu. Mwishowe walileta nakala za barua, na mimi ndiye niliyezipokea na kuzitoboa matundu ili ziingie kwenye faili. Mojawapo ilikuwa ya mjomba mwenyewe, kwa mwandiko wake niliouzoea kutoka kwenye bahasha za karo. Alikuwa amekiomba kiwanda, mwaka ule ule, kiandike nusu ya malipo ya kuni kwa jina la mkewe na nusu kwa jina la kijana aliyeendesha lori, ili jina lake lisionekane. Mtu aliyesahau haandiki barua kama hiyo.

Basi kumbe miaka saba haikumhusu tangu mwanzo. Hata faili ingelala pale ukutani miaka kumi, isingemsaidia. Afisa alimwandikia kodi ya mwaka ule na ya miaka mingine miwili aliyoikuta njiani, pamoja na adhabu. Lori moja likauzwa kwa mnada mbele ya duka lake, la pili akaliuza mwenyewe. Alikuja nyumbani mara moja baada ya hapo. Hakuniomba kitu. Alikaa kwenye kiti kile kile na kusema kwamba mtu wa vitabu alimdanganya. Kisha akauliza bei ya majani.

Jioni hiyo, kabla ya giza, nilimwambia mama kila kitu: trei, rafu ya marehemu, mzee aliyepiga magoti. Alinisikiliza huku akikamua. Alipomaliza ng'ombe wa tatu akauliza kama mzee huyo yuko hai. Nikasema sijui. Akasema, "Basi kaulize."

Nilikwenda mwezi wa nane. Kutoka Sotik, mji wa karibu na kwetu, mpaka kwao si mbali, lakini ilinichukua asubuhi yote kuulizia njia. Nilimkuta nje ya nyumba ya udongo yenye migomba nyuma, amekaa kwenye kigoda akiambua maharagwe kwa vidole. Hakuniona mpaka niliposema jina langu. Alifurahi. Alimwita mkewe, akamwambia huyu ndiye yule msichana wa ofisini niliyekuwa nikikuambia habari zake, ana mwandiko mzuri sana. Akauliza kama kitabu kimejaa. Nikamwambia kilijaa, tumefungua kingine.

Nilikuwa nimeandaa maneno mengi ya kutangulia. Sikuyatumia. Nilimwambia, "Mzee, ile faili niliificha mimi. Ilikuwa ya mjomba wangu."

Mkewe alikuwa amesimama na sufuria mkononi. Mzee aliendelea kuambua ganda alilokuwa nalo mpaka likaisha. Kisha akauliza, "Uliiweka wapi?"

"Nyuma ya faili za marehemu. Rafu ya chini."

"Huko nilitafuta. Mara mbili nilitafuta."

"Ilikuwa nyuma kabisa, imegusa ukuta. Ulipitisha mkono juu yake."

Akatikisa kichwa polepole. Nilisubiri anitukane. Alikuwa amegeuza uso kuelekea kwenye migomba, kana kwamba kuna mtu huko anayemsikiliza.

"Mimi nilijua ni macho," akasema. "Niliwaambia ni macho. Nimekaa hapa miaka hii nikijua ni mimi niliipoteza. Hata mke wangu nilimwambia hivyo, kwamba nilizembea. Watoto wametoka shule, nikawaambia ni makosa ya baba yenu."

Nikamwambia naomba msamaha. Hakujibu hilo, na hakulijibu hata baadaye. Aliyesema ni mkewe. Aliweka sufuria chini, akasema msamaha utauzungumza na Mungu wako kanisani, hapa andika uliyoyasema, uandike yote, utie sahihi, upeleke huko walikomfukuza. Alisema bila kelele. Aliingia ndani akatoka na daftari la mtoto, akang'oa karatasi mbili katikati.

Niliandikia pale pale, juu ya paja langu. Mzee aliniambia namna ya kuanza: namba ya barua ya kufutwa kwake, ambayo aliijua kwa kichwa, kisha tarehe, kisha jambo lenyewe. Aliniambia nisiandike kwamba nasikitika, kwa kuwa hiyo si kazi ya barua. Nilipomaliza nikamsomea. Alinisahihisha mahali pamoja. Nilikuwa nimeandika "tulipeleka faili kumi", akasema si "tulipeleka", ni "nilipeleka".

Nilipofika mjini niliipiga barua hiyo chapa, nikaipeleka kwa afisa mkononi. Aliisoma akiwa amesimama. Aliniuliza kama nimeelewa nilichoandika. Nikasema ndiyo. Akakaa chini, akavua miwani, akasema kwamba ripoti ya yule mzee aliiandika yeye mwenyewe, na kwamba hakuwahi kufikiria mtu mwingine hata siku moja. Kisha akasema nikusanye vitu vyangu nisubiri kuitwa.

Niliitwa mara mbili. Niliulizwa maswali niliyoyasikia kupitia ukuta wa mbao, na mengine mapya. Polisi waliandika maelezo yangu, lakini kesi haikufika mahakamani. Sikuambiwa kwa nini. Nilifutwa kazi mwezi wa kumi na moja. Nilikuwa nimeutarajia uamuzi huo, na nilipoupokea nilisikia nafuu kidogo, na nikaona aibu kwa kusikia nafuu.

Jibu kuhusu mzee lilichelewa mpaka mwaka uliofuata. Walilituma kwake na nakala wakanitumia mimi. Nilipopata yangu niliisoma njiani, nikaiweka kwenye mkoba, nikapanda gari kwenda kwao siku hiyo hiyo, kwa kuwa sikutaka wasomewe na mtu wa posta. Nilikuta bahasha yao imefika siku mbili kabla na haijafunguliwa. Walikuwa wakisubiri mwana wao wa kiume aje mwisho wa wiki. Mzee sasa hakuona kabisa. Mkewe alinipa bahasha, kwa mara ya kwanza akiniita mama, akasema nisome.

Nikasoma. Barua ilisema kwamba maelezo ya aliyekuwa karani yamepokelewa na hatua zimechukuliwa dhidi yake. Kuhusu yeye, kanuni zilimpa mtu aliyefutwa kazi muda maalumu wa kukata rufaa, na rufaa yake haikuletwa katika muda huo wala katika muda wa nyongeza. Kwa hiyo ofisi haina uwezo wa kulifungua jambo lake tena. Walimtakia kila la heri.

"Soma tena hapo pa muda," akasema.

Nikasoma tena.

"Mimi ningekata rufaa ya nini wakati ule?" akasema. "Nilidhani wana haki."

Mkewe alichukua barua mkononi mwangu ingawa hakujua kusoma Kiingereza, akaitazama upande wa mbele na wa nyuma. Aliuliza kama kuna mahali pengine pa kupeleka. Nikasema nitauliza. Niliuliza kweli, kwa wakili mmoja mjini Kericho na kwa mwingine Kisii. Wote waliniambia jambo lile lile kwa maneno tofauti. Mmoja alisema kwamba kama ningeandika barua ile miezi miwili tu baada ya mzee kufutwa, angerudishiwa kila kitu. Aliniambia hivyo kwa upole, akinisindikiza mlangoni.

Nilirudi kwetu nikaanza kuchuma. Mwanzoni vidole vilipasuka, baadaye vikazoea. Nilipanga kumpelekea mzee sehemu ya fedha za bonasi ya chai kila mwaka, na mwaka wa kwanza nilipeleka. Mkewe aliipokea, akaihesabu mbele yangu, akaitia kwenye kanga bila kusema asante, na niliona ni sawa. Mjomba aliugua sukari akaanza kudhoofika. Mama alinituma nimpelekee maziwa, nikapeleka. Tuliongea habari za mvua. Alipotaka kuniuliza kitu kuhusu kazi, mkewe aliingia, akaacha.

Habari za kifo cha mzee nilizipata kwenye soko la Sotik, kwa mama muuza ndizi aliyekuwa jirani yao. Alinitambua akaniuliza kwa nini sikuonekana mazishini. Nikamwambia sikupata habari. Akasema ilikuwa wiki mbili zilizopita, na mvua ilinyesha sana siku hiyo, wakachelewa kufukia kwa sababu kaburi lilikuwa limejaa maji. Nikauliza kama watu walikuja. Akasema walikuja, lakini si wa ofisini. Nilinunua ndizi zake, nikazibeba mpaka nyumbani, na kwa kuwa ilikuwa siku ya lori la kukusanya majani ya chai, nikamkuta mama tayari yuko shambani, nikachukua kikapu changu.